Kondoo wa Wiki Tatu

HAMDI: Haloo? Nani mwenzangu?

VAKKAS: Mwenzako? Mimi mwenzako? Ni kaka yako Vakkas, wa Kilis! Umeshaifuta namba yangu huko Ankara?

HAMDI: Kaka! Salaam aleikum. Sijafuta, simu inakwaruza tu. Uko kwenye pipa?

VAKKAS: Aleikum salaam. Nimesimama uani, nyuma ya ghala la zeituni. Simu imenasa mnara wa ng'ambo tena. Imeniandikia, "Karibu Syria." Mimi nimesimama kwangu na kandambili mguuni!

HAMDI: Sogea huku kwetu basi, salio litakwisha.

VAKKAS: Nikisogea Naciye atanisikia. Shemeji yako yuko jikoni, lakini masikio ameyaweka dirishani.

HAMDI: Hajambo lakini? Na Zeliha—

VAKKAS: Acha salamu, mdogo wangu. Nina swali moja. Serikali ya jirani inaanguka lini?

HAMDI: Kaka, mimi napika chai.

VAKKAS: Najua unapika chai. Unawapikia wakubwa wanaoshughulika na mambo ya nje. Unaingia na sinia, wao wanaongea. Sasa nijibu. Leo, kesho, au lini?

HAMDI: Kwani kuna nini?

VAKKAS: Kuna Gülsüm! Mama yake Tuncay. Ametuma salamu kuwa leo baada ya alasiri anakuja na mumewe kurudisha pete ya binti yangu Zeliha, ile aliyovishwa Tuncay.

HAMDI: Astaghfirullah! Uchumba unavunjika?

VAKKAS: Unavunjika nisipowatajia siku ya harusi. Leo hii. Na mimi siwezi kutaja, unajua kwa nini.

HAMDI: Kwa sababu ya kile kiapo.

VAKKAS: Kwa sababu ya kile kiapo.

HAMDI: Nilikwambia usiape—

VAKKAS: Hukuniambia! Uliniambia "wiki tatu"! Kiangazi cha mwaka ule ulinipigia simu, ukanong'ona kama mwizi, "Kaka, wakubwa wanasema jirani hamalizi wiki tatu." Halafu kesho yake bwana mmoja akatokea kwenye televisheni, tai shingoni, anasema habari za uhakika kutoka mpakani zinaonyesha ni suala la wiki chache. Mimi nikiwa kwenye duka la chai, mbele ya wanaume arobaini, nikapanda juu ya kiti—

HAMDI: Najua, kaka.

VAKKAS: —nikasema, "Wallahi, simwozi binti yangu mpaka jirani aanguke! Siku hiyo tutakwenda Halab, mji wao wa ng'ambo, na magari, tutapiga ngoma ya harusi huko huko, na kondoo nitamchinja kwa mkono wangu!" Watu wakapiga makofi. Nikashuka, nikaenda kununua kondoo.

HAMDI: Mbona ulinunua siku ile ile?

VAKKAS: Wiki tatu, Hamdi! Kondoo anahitaji wiki tatu kunenepa! Nilipiga hesabu!

HAMDI: Sasa yukoje?

VAKKAS: Nani?

HAMDI: Kondoo.

VAKKAS: Mwaka wa tatu huu. Ni kama kabati lenye pembe. Hapiti mlangoni, itabidi tubomoe. Naciye amempa jina, anamwita Waziri.

HAMDI: Kwa nini?

VAKKAS: Anasema kwa sababu anakula, ananenepa, na akishika njia ya makosa harudi nyuma. Juzi amekula gazeti zima. Alipofika kwenye ukurasa wa picha za wakubwa akaumwa tumbo siku mbili.

HAMDI: [anacheka] Kaka—

VAKKAS: Usicheke. Tuncay alipovishwa pete alikuwa na nywele. Sasa wanangu wananiuliza, "Baba, yule mzee anayekuja Ijumaa na maandazi ni nani?" Nawaambia ni shemeji yenu mtarajiwa.

HAMDI: Masikini.

VAKKAS: Na baba yake, Ökkeş, ndiye mwokaji wetu. Kila nikipeleka sinia ya nyama kwenye tanuri lake, inarudi imeungua upande mmoja. Upande wangu! Miaka mitatu nakula mkaa. Sasa sema, nchi inaanguka au haianguki?

HAMDI: Ngoja nifunge mlango. Birika linapiga kelele... Haya. Sikiliza. Zamani walikuwa wananywa chai kali, bilauri mbili mbili, wanacheka, ramani iko mezani. Mmoja alikuwa anaweka kijiko juu ya Halab, anasema, "Hapa patakuwa na ofisi yetu."

VAKKAS: Na sasa?

HAMDI: Sasa ramani wameikunja. Na tangu mwezi uliopita wananiagiza chai ya maua.

VAKKAS: Maua gani?

HAMDI: Yale ya kutuliza tumbo.

[mkwaruzo]

VAKKAS: Wote?

HAMDI: Wote. Bilauri kumi na moja. Bila sukari.

VAKKAS: Basi hajaanguka.

HAMDI: Hajaanguka, kaka. Na haanguki kesho.

VAKKAS: Ah, hawa watu! Mimi darasa la tano sikulimaliza, lakini hata mimi najua: nyumba ya jirani ikiwaka moto, hukai barazani kwako kupanga makochi yako utayaweka chumba gani cha kwake. Unachota maji! Wao walifungua mpaka, wakampa huyu bunduki, wakamwahidi yule kiti. Nani aliwaambia wiki tatu? Ndiye ninayemtaka huyo mimi.

HAMDI: Kaka, mtandao unakatika—

VAKKAS: Haukatiki. Nakusikia unameza mate. Ni yule wa ghorofa ya nne, siyo? Mwenye miwani?

HAMDI: Ndiye aliyeandika.

VAKKAS: Alizitoa wapi?

HAMDI: Kaka, nina kikao hapa, wanasubiri chai—

VAKKAS: Hamdi! Tumenyonya ziwa moja. Wiki tatu alizitoa wapi?

HAMDI: Kwangu.

VAKKAS: Kwako!

HAMDI: Aliniuliza! Nilikuwa nammiminia chai, akasema, "Hamdi, wewe si mtu wa mpakani? Ndugu zako huko wanasemaje?" Mkubwa mzima ananiuliza mimi, kaka. Miaka tisa hajawahi kuniuliza kitu isipokuwa sukari. Nikamjibu.

VAKKAS: Ukajitungia?

HAMDI: Sikutunga! Nilikuwa na mtu wa kuaminika.

VAKKAS: Mtu gani, Hamdi?

HAMDI: Wewe.

[mkwaruzo]

HAMDI: Haloo? Kaka? Upo?

VAKKAS: Nipo Syria. Endelea.

HAMDI: Hukumbuki? Siku mbili kabla ya hapo ulinipigia kutoka duka la chai. Kulikuwa na kelele nyuma. Nikakuuliza hali ya huko, ukasema, "Wale? Wale hawamalizi wiki tatu!"

VAKKAS: Nilikuwa nimeshinda mchezo! Nilikuwa nimemfunga Ökkeş mara nne mfululizo! Siku ile ningekwambia hata jua ni mali yangu!

HAMDI: Mimi nitajuaje? Hukusema habari ya mchezo.

VAKKAS: Na yule akaandika?

HAMDI: Kwa kalamu ya wino. Akapiga mstari chini.

VAKKAS: Kwa hiyo yule bwana wa televisheni, "habari za uhakika kutoka mpakani"...

HAMDI: Ndiyo.

VAKKAS: Mimi.

HAMDI: Ndiyo, kaka.

VAKKAS: Nilipanda juu ya kiti, nikamfunga mwanangu miaka mitatu, kwa sababu nilisikia maneno yangu mwenyewe yamevaa tai.

HAMDI: Ukiliweka hivyo, linaonekana baya.

VAKKAS: Yule wa ghorofa ya nne wamemfukuza?

HAMDI: Wamempandisha. Yuko ya sita sasa.

VAKKAS: La haula!

HAMDI: Kaka, kiapo kina dawa. Imamu hajakwambia? Kiapo ukikivunja unatoa kafara. Unalisha maskini kumi, basi, umefunguka. Una kondoo kama kabati! Mchinje, lisha watu kumi, taja siku, pete ibaki kidoleni.

VAKKAS: Imamu amenifuata mara tano.

HAMDI: Sasa?

VAKKAS: Mji wote utanicheka.

HAMDI: Mji wote unakucheka sasa hivi. Hata huku Ankara kuna mtu wa Kilis anauza soksi sokoni, kila akiniona anauliza, "Waziri hajambo?"

VAKKAS: Wakubwa hawajakiri kosa, nikiri mimi?

HAMDI: Wakubwa hawana binti anayesubiri kuolewa, wewe unaye! Kaka, nakufahamu. Wewe si mtu wa kuogopa kuchekwa. Ulikwenda kuposa umevaa suruali ya baba. Kuna kitu.

VAKKAS: Hakuna kitu.

HAMDI: Kuna kitu.

[mkwaruzo, mlio wa kondoo]

VAKKAS: Nyamaza, Waziri! ...Ni Ridwan.

HAMDI: Mwalimu? Mgeni wako wa Halab?

VAKKAS: Ongea kwa sauti ya chini.

HAMDI: Mimi niko Ankara, kaka.

VAKKAS: Basi nitaishusha mimi. Walikuja tisa, unakumbuka? Nikawaambia, kaeni ghalani, wiki tatu tu, mtarudi kwenu. Niliwaambia kwa mdomo huu. Sasa wako kumi, mtoto kazaliwa hapo hapo kati ya mapipa. Na Ridwan sanduku lake hajalifungua.

HAMDI: Miaka mitatu?

VAKKAS: Anatoa shati, anavaa, anafua, analirudisha ndani, anafunga. Lina suti yake chini kabisa, ya kurudia nyumbani. Na kila asubuhi anakuja hapa uani, anasimama mbele ya huyu kondoo. Haongei. Anamtazama tu. Mimi namwona kutoka dirishani. Hamdi, nikimchinja huyu kondoo kabla ya siku yake, si nitakuwa nimemwambia...

HAMDI: Nimekuelewa.

VAKKAS: Maadamu kondoo yuko hai na kamba shingoni, basi siku ya kurudi ipo.

HAMDI: Na nyumba yao kule? Mtaa wao?

VAKKAS: Kuna dereva wa lori. Mwezi uliopita alipita mtaa wao.

HAMDI: Alisemaje?

VAKKAS: Alisema alipita.

HAMDI: Alipita vipi? Si ulisema mtaa ule una mwisho? Nyumba ya Ridwan si ndiyo inaziba njia mwishoni?

VAKKAS: Alipita moja kwa moja, Hamdi.

HAMDI: Ridwan anajua?

VAKKAS: Nani atamwambia? Wewe?

HAMDI: ...Kaka—

VAKKAS: Ngoja. Ngoja! Mlango unagongwa. Alasiri haijaadhiniwa hata! Hawa watu wamesubiri miaka mitatu, leo wanawahi!

HAMDI: Ni wao?

VAKKAS: Ni Gülsüm, ameshika sahani imefunikwa kitambaa chekundu. Pete imo. Ökkeş yuko nyuma, amekunja uso kama mkate wa juzi. Na yule mzee.

HAMDI: Mzee gani?

VAKKAS: Tuncay! [kwa mbali] Karibuni! Karibuni, karibuni, Naciye anakuja! Mimi naongea na Ankara! [kwenye simu] Nimewaambia naongea na Ankara.

HAMDI: Kaka, usiwadanganye tena!

VAKKAS: Si naongea na Ankara? Sema haraka, nifanye nini?

HAMDI: Mwite Ridwan. Mwambie ukweli. Mtu mzima huyo, alifundisha hesabu miaka ishirini, atashindwa kuhesabu miaka mitatu?

VAKKAS: Siwezi. Mdomo huu ulimwambia wiki... ngoja. Anatoka ghalani.

HAMDI: Nani?

VAKKAS: Ridwan. Hamdi...

HAMDI: Nini? Kaka, nini?

VAKKAS: Amevaa suti.

HAMDI: Suti ipi?

VAKKAS: Ile.

[mkwaruzo]

VAKKAS: [kwa mbali] Mwalimu, mbona... Nini? Sema taratibu, Kituruki chako kinakimbia... Tangu lini? ...Nani? Yule dereva? ...Na wewe ukanyamaza! [kwenye simu] Hamdi, anajua!

HAMDI: Anajua nini?

VAKKAS: Habari ya mtaa! Dereva alimwambia yeye kabla yangu. Mwezi mzima anajua!

HAMDI: Sasa mbona hakusema?

VAKKAS: Nimemuuliza. Anasema aliona mimi nimeshikilia sana kondoo. Alidhani akifungua sanduku, nitavunjika moyo. Leo kasikia pete inarudishwa, kalifungua.

HAMDI: Wewe?

VAKKAS: Mimi! Anasema, "Bwana Vakkas aliamini kuliko sisi wenyewe, tukamwonea huruma." Watu wanaolala kati ya mapipa wananionea huruma mimi!

HAMDI: Na kila asubuhi anasimama pale kumtazama kondoo kwa ajili gani?

VAKKAS: [kwa mbali] Mwalimu! Ndugu yangu anauliza, asubuhi ulikuwa unamtazamia nini huyu? ...Eh? [kwenye simu] Anasema alikuwa anakadiria kilo.

HAMDI: [anacheka] Mwalimu wa hesabu!

VAKKAS: Anasema tangu mwaka wa kwanza. Anasema mkewe ana mapishi ya mguu wa kondoo na malimau, na kila akipita hapa... Hamdi, yule bwana analia na kucheka kwa pamoja. Na suti inamning'inia. Amekonda, sikuwa nimeona.

HAMDI: Mchinje, kaka.

VAKKAS: Namchinja. Wallahi... hapana, siapi. Namchinja tu. [kwa mbali] Naciye! Toa kisu kile kikubwa! Na umwite imamu!... Ndiyo, leo! Leo! Usinitazame hivyo, mwanamke, toa kisu!

HAMDI: Maskini kumi unao?

VAKKAS: Ghala zima. Kumi kamili. Ila mmoja hana meno.

HAMDI: Mtoto hahesabiki, nadhani. Muulize imamu.

VAKKAS: Ridwan ameshatatua. Anasema wa kumi awe Tuncay.

HAMDI: Tuncay si maskini! Baba yake ana tanuri!

VAKKAS: Ridwan anasema mtu aliyesubiri mke miaka mitatu kwa sababu ya ripoti ya mpika chai hana umaskini unaozidi huo. Hata Ökkeş amecheka. Ameonyesha jino la dhahabu, sijaliona tangu siku ya posa.

HAMDI: Ripoti ya mpika chai! Umewaambia?

VAKKAS: Nimewaambia ni wewe. Mimi nilikuwa nacheza tu.

HAMDI: Kaka!

VAKKAS: Na mwenye kafara mwenyewe haili, unajua? Miaka mitatu nimelisha, leo nitanusa tu. Ngoja, Gülsüm anauliza kitu... Hamdi, ameifunua sahani. Pete anamrudishia Tuncay. Kidoleni! Anairudisha kidoleni, siyo mezani!

HAMDI: Alhamdulillahi!

VAKKAS: Lakini anataka siku. Anasema bila siku haondoki, atalala hapa, na mimi ghala limejaa.

HAMDI: Taja siku basi, taja!

VAKKAS: Zeituni zinaanza kuvunwa. Ökkeş ana zamu ya tanuri. Gauni limebana, miaka mitatu si mchezo... [kwa mbali, kwa sauti kubwa] Haya, sikilizeni wote! Harusi itakuwa baada ya wiki—

HAMDI: Kaka, usiseme tatu! Sema mbili! Sema nne!

VAKKAS: —tatu! [kelele za kushangilia, mlio wa kondoo]

HAMDI: Yaani wewe!

VAKKAS: Sasa hii nimepiga hesabu ya kweli! Hamdi, njoo na watoto, na uje na... shika, Tuncay, shika pembe! Anakimbia! Waziri anakimbia! Anaelekea mpaka— Hamdi, simu inaandika salio— funga lango, Ridwan, suti! Suti itachanika! Haya, kwa heri mdogo wangu, Mungu akip—

[tuu, tuu, tuu]

HAMDI: Haloo? Kaka? Kaka! ...Ameshikwa au hajashikwa? Haloo?

[mlango unafunguliwa]

HAMDI: Naam, mkubwa! Nakuja, mkubwa, chai iko tayari. Samahani, nilikuwa na simu... Kaka yangu, mkubwa. Yule wa Kilis... Ndiyo, wa mpakani... Wanasemaje huko? Ah, wanasema wiki tatu, mkubwa, lakini... Hapana, usiandike. Mkubwa? Mkubwa, weka kalamu kwanza, ni harusi! Mkubwa! Ni harusi!